Miguu yangu inazama na kiuno kinauma: nizigawe vipi risasi za kuzamia?

Pezi Moja

Salamu kwenu wanajukwaa. Nimekwisha kuzamia kwa mtungi mara 30 na ushei, zote baharini, na kwa muda wote huo nimekuwa na tatizo moja ambalo nilidhani lingeondoka lenyewe kwa mazoea, lakini halijaondoka. Kila ninapoacha kupiga mapezi, miguu yangu hushuka polepole hadi nikabaki nimesimama wima ndani ya maji. Nikisonga mbele, mwili huwa umeinama, kifua juu na magoti chini, na mapezi yangu hutibua mchanga kiasi kwamba wenzangu hawataki tena kuwa nyuma yangu. Nikitoka majini, sehemu ya chini ya mgongo huuma hadi siku ya pili.

Vifaa vyangu ni hivi: suti ya neoprini (mpira wenye vipovu vya gesi) ya milimita 5 ya mwili mzima, viatu vya neoprini, mapezi mepesi ya plastiki, mtungi wa alumini wa lita 11, jaketi la kuelea la kawaida, lile linalojazwa hewa, na mkanda wenye kilo 10 za risasi, yaani metali nzito ya kunisaidia kuzama. Risasi hizo ni vipande vitano vya kilo mbilimbili. Viwili hukaa mgongoni, viwili kwenye nyonga, na kimoja mbele upande wa kushoto. Nina urefu wa sentimita 178 na uzito wa kilo 85. Kilo hizo 10 nilipewa wakati wa mafunzo, nami sijawahi kuzibadili tangu siku hiyo.

Mzamiaji mmoja mzoefu ameniambia nihamishie risasi zote kwenye ukanda wa juu unaofunga mtungi. Mwingine amenishauri niongeze risasi za vifundo vya miguu ili miguu itulie, ushauri ambao, kwa kweli, sikuuelewa. Naomba wenye ujuzi wanieleze risasi zikae wapi, na kwa nini.

Mkufunzi Kasa

Ndugu Pezi Moja, karibu. Kabla ya kuuliza risasi zikae wapi, tuulize kwanza kama zote zina kazi ya kufanya. Maelezo yako yananifanya nishuku kwamba umebeba nyingi kuliko unavyohitaji, na kwamba miguu yako inazama kwa sababu hiyohiyo. Nakiri kwamba mara nyingi kosa hili huanzia kwetu sisi wakufunzi: mwanafunzi anahangaika kuzama siku ya kwanza, tunamwongezea kilo mbili ili somo liendelee, kisha anahitimu nazo na hakuna anayekumbuka kumpunguzia.

Kila kilo ya ziada unayobeba ni lazima ibebwe na takriban lita moja ya hewa ndani ya jaketi, kwa kuwa lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo moja kwa kiasi kidogo tu. Ukizidisha kilo 4, jaketi litadai karibu lita 4. Hewa hiyo hupanda hadi sehemu ya juu kabisa inayoweza kufika, yaani mabegani na kandokando ya kifua, ilhali risasi zilizoidai ziko kiunoni. Kifua kinavutwa juu, kiuno kinavutwa chini, na mwili unageuka kama mlingoti unaosimamishwa. Kadiri miguu inavyoshuka, ndivyo hewa inavyozidi kukimbilia mabegani, na hali inajizidishia yenyewe. Kisha, kwa kuwa unapiga mapezi ukiwa umeinama, sehemu ya nguvu yako inakusukuma juu badala ya mbele. Unaachia hewa ili usipande, ukisimama unazama, unajaza tena. Hukutaja kwamba mtungi wako huisha kabla ya mitungi ya wenzako, lakini ningeshangaa kama sivyo.

Hewa nyingi ndani ya jaketi ina ubaya mwingine, nao ni kwamba haitulii. Lita 4 ulizonazo kwenye kina cha mita 10, ambako mgandamizo ni bari 2, zitakuwa zaidi ya lita 5 utakapofika mita 5, ambako mgandamizo ni bari 1.5. Utajikuta na zaidi ya kilo moja ya nguvu ya kupanda ambayo hukuiomba, tena mahali ambapo unatakiwa kutulia dakika 3 kabla ya kutoka. Mwenye lita moja tu ndani ya jaketi hupata theluthi ya kilo, ambayo pafu peke yake huimudu.

Basi ufanye jaribio la uzito, na ulifanye mwishoni mwa mzamo, si mwanzoni. Sababu ni kwamba hewa ina uzito. Mtungi wako ukiwa umejaa hubeba zaidi ya lita 2,200 za hewa, na kwa kuwa kila lita ina takriban gramu 1.2, hiyo ni kama kilo 2.7. Mgandamizo wa mtungi ukishuka hadi bari 50, umekwisha kutumia takriban kilo 2, na mwili umekuwa mwepesi kwa kiasi hicho. Kwa hiyo uzito sahihi ni ule unaokuwezesha kutulia kwenye mita 5, mtungi ukiwa na bari 50 na jaketi likiwa tupu au karibu tupu, bila kupiga mapezi na bila kuhangaika. Ukilazimika kupima mwanzoni, simama wima juu ya maji, toa hewa yote ya jaketi, vuta pumzi ya kawaida na uishikilie kwa muda mfupi. Maji yakikufika usawa wa macho, na ukishusha pumzi ukaanza kuzama, uko sawa kwa mtungi uliojaa. Hapo ongeza kilo 2 za kufidia hewa utakayotumia. Pumzi hii ya kushikilia ni ya jaribio la juu ya maji pekee. Ukiwa chini, pumua bila kukatiza.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni miguu: watu wengi hupiga mapezi bila kujijua wanapojaribu kuzama, wakajisukuma juu, kisha wakalaumu uchache wa risasi. Pishanisha vifundo vya miguu yako wakati wa jaribio. Wa pili ni pumzi. Mtu mwenye wasiwasi huhifadhi lita moja au mbili za hewa kifuani zaidi ya kawaida yake, na kila lita ni kilo moja ya kuelea. Naamini huko ndiko zilikotoka baadhi ya kilo zako 10. Wewe wa leo hupumui kama wewe wa siku ile.

Wala usinakili uzito wa mtu mwingine, hata kama mna kimo kimoja. Mafuta ya mwilini huelea na misuli huzama, suti mpya ya neoprini huelea kuliko suti kuukuu ya unene uleule ambayo vipovu vyake vimekwisha kubanwa mara nyingi, na mtungi wa chuma haufanani na wa alumini. Punguza kilo moja kila mzamo, pima, uandike kwenye daftari pamoja na aina ya suti, mtungi na maji. Ukishapata jumla sahihi, rudi hapa tuzungumze kuhusu mahali.

Wenzo

Nakubaliana na Mkufunzi Kasa kuhusu jumla, ingawa nadhani suala la mahali haliwezi kungoja sana, maana hata mtu mwenye uzito sahihi kabisa anaweza kuzama miguu. Jumla huamua kama utapanda au utashuka. Mpangilio huamua mwili utalala vipi.

Kila mzamiaji ana vitovu viwili. Kitovu cha uzito ni mahali ambapo uzito wote wa mwili na vifaa hujumlishwa, na kitovu cha kuelea ni mahali ambapo nguvu yote ya maji ya kunyanyua hujumlishwa. Kwa kuwa mapafu yako kifuani, na jaketi nalo hujaa karibu na hapo, kitovu cha kuelea huwa upande wa kichwa kuliko kitovu cha uzito, hasa kwa mtu mwenye mapaja mazito na suti isiyo nene. Maji hayatakuacha ulale mpaka vitovu hivyo viwili vikae kwenye mstari mmoja wima wakati mwili uko mlalo. Kazi ya kupanga risasi ni kukisogeza kitovu cha uzito kuelekea kichwani, au kuelekea miguuni kwa wale ambao miguu yao huelea, hadi vikutane.

Hesabu yake ni ya wenzo, kama ya mizani: uzito mara umbali. Ukihamisha kilo 2 kutoka kwenye nyonga hadi ukanda wa juu wa mtungi, umbali wa takriban sentimita 45, umebadilisha kilo-sentimita 90. Sasa angalia miguu. Mapezi yako yako kama sentimita 90 kutoka nyonga ukiwa umenyoosha magoti, kwa hiyo kilo moja tu inayoongezeka au kupungua kwenye jozi ya mapezi inaleta kilo-sentimita 90 zilezile. Ndiyo maana aliyekushauri risasi za vifundo alikuwa anakuongezea ugonjwa, tena mahali ambapo kila gramu ina nguvu maradufu. Mapezi yako ya plastiki ni mepesi, na hilo linakusaidia. Mwenye miguu inayozama asikimbilie mapezi mazito ya mpira, hata kama ni mazuri kwa kusukuma.

Umbali huo pia unaweza kuubadilisha bila kugusa risasi. Kunja magoti hadi nyayo zielekee juu, na mapezi yatasogea karibu na nyonga kwa sentimita 40 hivi. Nyoosha mikono mbele ya kichwa, na umeongeza uzito kidogo upande wa pili wa mizani. Ukiona kwamba mkao huo unakuweka sawa papo hapo, basi unahitaji kuhamisha kilo 1 au 2 tu. Usipokuweka sawa hata kidogo, tatizo ni kubwa zaidi, na ningerudi kwenye jumla aliyoisema Mkufunzi.

Kuhusu kuhamishia risasi zote juu ya mtungi, sikubaliani. Ukiwa umelala kifudifudi, mtungi uko mgongoni, yaani juu yako, na mtu mwenye uzito mwingi juu ya kitovu cha kuelea hupinduka kama mashua iliyopakiwa mizigo kwenye paa. Kilo 2 pale juu, moja kila upande, humfaa mtu wa kimo chako. Kilo 6 zitakugeuza chali mara tu utakapoinama upande kuangalia kitu. Ukirudi juu ya maji, uzito huo wa mgongoni utakusukuma uso ndani ya mawimbi au utakuangusha nyuma, kutegemea jaketi limekaaje. Risasi za mkanda zina faida ambayo wengi hawaitambui: zikikaa kwenye nyonga na kuelekea mbele, ziko chini yako unapolala, na zinakushikilia usipinduke.

Nyongeza kidogo kuhusu mtungi wenyewe. Utasikia watu wakisema: sogeza mtungi juu sentimita 5, miguu itapanda. Kwa mtungi wa chuma ni kweli, kwa sababu ndani ya maji mtungi wa chuma uliojaa bado ni mzito kwa kilo kadhaa, hivyo kuusogeza ni kuhamisha kilo hizo. Mtungi wa alumini wa lita 11 ukijaa huwa mzito kwa chini ya kilo moja majini, na ukikaribia kuisha huelea kwa zaidi ya kilo moja, kwa hiyo kuusogeza huku na huku hakuleti mabadiliko makubwa. Hata hivyo kitako chake hunyanyuka mwishoni mwa mzamo, kwa kuwa vali na regyuleta (kifaa cha kupumulia) ni nzito na ziko upande wa shingo. Usishangae, basi, ukiona ulalo wako wa dakika ya 5 si ule wa dakika ya 45. Panga kwa ajili ya mwisho, kwa sababu mwishoni ndipo unapohitaji kutulia.

Nguru wa Baridi

Ndugu zangu wamesema vizuri kuhusu ulalo, nami nitajibu lile la kiuno, kwa kuwa niliteseka nalo kwa miaka miwili kabla ya kulielewa.

Vipande viwili ulivyoweka mgongoni ndivyo vinavyokuumiza, nina hakika karibu kabisa. Mgongo wa chini una mbonyeo wa asili, na kipande kigumu cha kilo 2 kinachokaa pale hubanwa kati ya mfupa na sehemu ya chini ya mtungi au kingo ya jaketi. Ukiwa umetulia nchi kavu husikii kitu. Ukipanda ngazi ya mashua na mtungi mgongoni, kila hatua ni nyundo. Acha nafasi ya upana wa viganja viwili katikati ya mgongo bila kipande chochote, na usogeze risasi zote mbele ya mfupa wa nyonga au juu yake. Gawanya pia vipande vyako: vinne vya kilo moja vina raha kuliko viwili vya kilo mbilimbili, na vifuko vya chembechembe za risasi hujikunja kufuata mwili kuliko vipande vya kumimina. Weka vizuizi vya plastiki kila upande wa kipande ili visiteleze, kwa sababu kipande kinachoteleza sentimita 10 katikati ya mzamo huharibu hesabu zote za Ndugu Wenzo.

Na kipande chako cha tano, kile cha mbele kushoto kisicho na mwenzake kulia, kinakuvuta upande mmoja. Huenda umezoea kujirekebisha kwa mguu bila kujua.

Jambo lingine ni namna ya kuufunga mkanda. Usiufunge ukiwa umesimama wima ukiuvuta kwa nguvu hadi ukakata pumzi. Inama mbele mpaka mgongo uwe kama meza, uache uzito ulale mgongoni, kisha vuta mkanda na ufunge; utaufunga vizuri kwa nguvu ndogo. Ukishuka, suti hubanwa na maji, kiuno kinapungua, na mkanda wa nailoni hulegea na kuzunguka hadi bakoli (kifungo cha mkanda) likafika mgongoni, mahali ambapo hutaweza kulifikia siku ya shida. Kaza tena mkanda ukifika chini, ukiwa umelala kifudifudi. Wengine hutumia mkanda wa mpira, ambao hujivuta wenyewe kadiri suti inavyosinyaa; wazamiaji wa pumzi moja wanaupenda kwa sababu hiyohiyo, nami siku hizi sitaki mwingine. Mtu asiye na nyonga za kuuzuia mkanda, na hasa kwa suti nene, afikirie hatamu ya mabegani yenye mifuko ya risasi, ambayo hupumzisha kiuno kabisa.

Tatizo langu mimi lilikuwa kinyume cha lako. Navaa milimita 7 katika maji baridi, na miguu yangu huelea hadi kichwa kinaelekea chini kama popo. Nilijaribu risasi za vifundo, nusu kilo kila mguu, na ni kweli ziliishusha miguu. Lakini kuzibeba kila pigo la pezi, kuzisukuma mbele na kuzirudisha, kulinichosha na kunimalizia hewa. Nilizivua, nikanunua mapezi ya mpira mazito kidogo, na nikaushusha mkanda kutoka kiunoni hadi juu ya nyonga. Sentimita 8 au 10 za kushuka kwa kilo 9 si jambo dogo. Pigeni hesabu wenyewe.

Bahari Shwari

Naomba kuuliza jambo ambalo sijaona mtu akiligusa. Risasi za kwenye ukanda wa mtungi haziwezi kutupwa wakati wa dharura. Nilifundishwa kwamba risasi zote lazima ziweze kuachiliwa kwa mkono mmoja. Je, tunapozigawa namna hii kwa ajili ya raha, hatuuzi usalama?

Mkufunzi Kasa

Ni swali zuri, na linastahili jibu lisilo la haraka. Ripoti za ajali za uzamiaji zimekuwa zikirudia kwa miaka mingi kwamba wengi wa waliokufa hukutwa bado wamefunga risasi zao, kwa hiyo uwezo wa kuzitupa si pambo. Lakini hatari ipo pande zote mbili. Mtu anayepoteza kilo 10 kwa mkupuo akiwa mita 20, kwa bahati mbaya au kwa hofu, hawezi kuzuia kupanda kwake, na kupanda huko kunaweza kupasua mapafu. Ndiyo maana siku hizi wengi huzigawa mafungu mawili: la kutupwa na la kudumu.

Namna ninavyolipima fungu la kutupwa ni hii. Chukulia kwamba jaketi limepasuka na halishiki hewa. Mzamiaji aliyepima uzito vizuri huanza mzamo akiwa mzito kwa kilo 2 za hewa ya mtungi. Akifika chini sana, suti ya milimita 5 huenda ikapoteza kilo 3 za kuelea au zaidi, kwa kuwa vipovu vyake hubanwa: kwenye mita 10 gesi hubaki nusu ya ujazo wake, na kwenye mita 30 hubaki robo, ingawa mpira wenyewe haubanwi. Kwa hesabu hiyo atakuwa na uzito wa kilo 5 hivi unaomvuta chini. Mapezi yanaweza kunyanyua sehemu ya uzito huo kwa muda, na risasi za kutupwa zinyanyue iliyobaki. Kilo 4 au 5 za kutupwa zinamtosha mtu kama huyo, na kilo 2 za kwenye mtungi zinaweza kubaki. Ambalo sikubaliani nalo ni mtu kuziweka zote mahali pasipofikika kwa sababu tu ulalo wake umependeza.

Mwenye jaketi lenye mifuko miwili ya risasi ana nafuu, kwa kuwa anaweza kuachilia mmoja kisha akaamua kuhusu wa pili. Mwenye mkanda huachilia wote. Na vyovyote iwavyo, bakoli la mkanda lifunguke kwa mkono wa kulia, na mkia wake uachwe huru bila kuchomekwa ndani ya kitu chochote, ili mwenzio naye aweze kuufungua bila kutafuta.

Pezi Moja

Nimerudi baada ya mizamo minne, nami nawashukuru nyote. Mwalimu, ulikisia vyema kuhusu hewa yangu. Niliona aibu kulitaja.

Mzamo wa kwanza nilipunguza hadi kilo 9, wa pili 8, wa tatu 7. Kwa kilo 7 nilitulia kwenye mita 5 na bari 50, jaketi likiwa tupu, na nilipojaribu 6 katika mzamo wa nne nilianza kupanda nikivuta pumzi ndefu, kwa hiyo nimerudi kwenye 7. Jambo lililonishangaza ni kwamba kwa kilo 8, kabla sijahamisha hata kipande kimoja, miguu ilikuwa imekwisha kupanda nusu ya njia. Baadaye nikaweka kilo moja kila upande wa ukanda wa juu wa mtungi, na kilo 5 zikabaki kwenye mkanda, mbili na nusu kila upande, zote mbele ya mfupa wa nyonga. Mgongo hauumi tena. Nikiacha kupiga mapezi sasa nalala, ingawa baada ya kama nusu dakika miguu hushuka kidogo sana, na kukunja magoti kunatosha kuirudisha.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, bado nainamia kushoto kidogo, ingawa risasi ziko sawa pande zote. La pili, mwezi ujao nitazamia ziwani kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, kwa suti na mtungi uleule. Nitumie kilo ngapi, na nizitoe wapi?

Nguru wa Baridi

Kabla hujahamisha risasi tena, angalia unachoning'iniza upande wa kushoto. Tochi, kigeji cha mgandamizo, kisu, boya lililokunjwa na kigurudumu chake cha kamba: watu huvirundika vyote kwenye pete moja, kisha wanashangaa. Angalia pia kama mtungi umekaa katikati kabisa ya mgongo. Ukihama hata vidole vitatu upande mmoja, utakuvuta upande huo wakati umejaa, na utakuachia kadiri unavyoisha. Kama kuinama kwako ni kwingi mwanzoni na kunapungua mwishoni, ni mtungi. Kama hakubadiliki, ni tochi.

Pezi Moja

Hakubadiliki. Na tochi iko kushoto.

Wenzo

Kuhusu ziwa: maji ya bahari ni mazito kuliko maji matamu kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo unachopunguza hutegemea ukubwa wa kila kitu kinachozama, si risasi peke yake. Jumlisha mwili wako kilo 85, mtungi na hewa yake karibu kilo 17, risasi 7, na suti, jaketi, regyuleta na mapezi vilivyobaki. Utafika kwenye kilo 115 au zaidi kidogo. Asilimia 2.5 yake ni kama kilo 2.9. Anza na kilo 4.5 ziwani, ufanye jaribio la bari 50 kama ulivyofanya baharini, na urekebishe kwa nusu kilo.

Zitoe kwenye mkanda, pande zote mbili sawasawa, na uache zile za kwenye mtungi zilivyo. Nguvu ya kuelea unayopoteza unapotoka kwenye chumvi imetawanyika mwili mzima, na nyonga ndiyo iliyo karibu zaidi na katikati, kwa hiyo ukipunguza hapo ulalo wako hautayumba sana. Lakini fungu lako la kutupwa litabaki kilo 2.5 tu. Kama ziwa hilo ni refu kwenda chini, hamisha kilo moja kutoka kwenye mtungi uirudishe kwenye mkanda, ukubali miguu ishuke kidogo, na ukunje magoti.

Mkufunzi Kasa

Naunga mkono, pamoja na neno moja. Ikiwa ziwa ni baridi hata ukaamua kuvaa milimita 7 badala ya 5, hesabu ya Wenzo haitatosha. Pima upya kuanzia mwanzo, ukiwa na mtu kando yako, mahali ambapo unaweza kusimama.